Maisha ya Mwenye Heri Anuarite, Msimamizi wa Kwaya Yetu



Katika miaka hii 25, kila tunapoalikwa kuimba nje ya parokia, kuna mtu anayeuliza Anuarite ni nani. Wengine hudhani ni jina la Kiarabu. Mshereheshaji mmoja wa harusi alitutangaza kama kwaya ya Mtakatifu Anita, nasi tukasimama tukaimba hivyo hivyo. Kwa hiyo, kamati ya Jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, tuliomba nafasi ya kutosha kumweleza msimamizi wetu. Historia ya kwaya yenyewe imeandikwa kurasa zinazofuata, pamoja na picha.

Kwanza tuondoe kosa moja la kawaida. Anuarite bado hajatangazwa mtakatifu. Ni mwenye heri, na ndiyo sababu mabango yetu yanasema hivyo hata kama mafundi wa kuchapisha hutushauri tubadilishe.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, nchi iliyokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Watu wake ni Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi na mama yake Isude. Jina alilopewa nyumbani ni Nengapeta, ambalo huelezwa kuwa na maana kwamba mali hudanganya. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake mkubwa. Wakati wa kuandikishwa shuleni majina yalichanganywa, na tangu siku hiyo akabaki kuwa Anuarite katika kila karatasi. Sisi tunaofundisha tunajua jinsi jambo hilo linavyotokea kwa urahisi, na jinsi lilivyo gumu kurekebisha baadaye. Lakini maana ya jina hilo alilopewa kwa bahati mbaya ni mtu anayeicheka vita, na kwa yale yaliyompata, Wakristo wa Kongo hawaoni kwamba lilikuwa bahati mbaya.

Ubatizo aliupokea akiwa mtoto, kwa jina la Alphonsine. Nyumbani kwao walizaliwa wasichana watupu, mabinti sita, na Anuarite alikuwa wa nne. Kwa Amisi hilo lilikuwa pigo. Alitaka mtoto wa kiume, na kwa kumkosa akamwacha Isude, akaoa mke mwingine. Kwa hiyo msimamizi wetu alikulia katika nyumba iliyovunjika, akiwa binti wa mama aliyefukuzwa kwa kosa la kuzaa wasichana. Hatuhitaji kwenda Kongo kuielewa habari hiyo. Katika jumuiya zetu wapo akina mama wanaoweza kuisimulia kwa majina na tarehe.

Hapo Wamba kulikuwa na misheni na masista waliofundisha shule. Anuarite akawapenda, akatamani kuwa kama wao. Mama yake hakuwa tayari kumwachilia. Basi siku moja lori lilikuja misheni kuwachukua wasichana waliokuwa wanakwenda kuanza malezi ya utawa huko Bafwabaka. Anuarite akapanda kimyakimya katikati ya wenzake, akaenda zake bila kuaga. Siku chache baadaye Isude alipogundua alimfuata, lakini alipomwona jinsi alivyotulia hakumrudisha.

Shirika alilojiunga nalo linaitwa Jamaa Takatifu. Jina hilo ni la Kiswahili kabisa, na si tafsiri yetu. Masista wa Bafwabaka wanajiita hivyo mpaka leo. Sisi hapa Kenya tungesema Familia Takatifu. Ni ukumbusho mzuri kwamba lugha tunayoimbia imekwenda mbali kuliko tunavyofikiri, ingawa tutaona hapa chini kwamba imetumika pia katika mambo ambayo hatuwezi kujivunia.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza, akachukua jina la Marie-Clémentine. Maisha yake ya utawa yalikuwa ya kawaida sana. Alisomea ualimu, akafundisha watoto wa shule ya msingi. Alitunza sakristia. Alisaidia jikoni. Alikuwa na daftari alimoandika mawazo yake, na humo alijikumbusha mara kwa mara kwamba Yesu peke yake ndiye anayetaka kumpendeza. Hakuanzisha shirika wala kuandika vitabu. Kama asingekufa alivyokufa, angekuwa mmoja wa masista wengi tuliowahi kuwa nao shuleni, wanaoshika chaki asubuhi na ufagio jioni, na ambao mtu huwakumbuka akiwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na amani haikudumu hata mwezi mmoja. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Majimbo yakataka kujitenga, wanajeshi wakaasi, nchi za nje zikaingiza mikono yao. Mwaka 1964 wafuasi wa Lumumba upande wa mashariki walianza uasi mkubwa, na wapiganaji wao wakajiita Simba. Wengi walikuwa vijana wadogo, walioaminishwa na waganga kwamba wakichanjwa na kushika miiko, risasi zitageuka maji. Mwezi Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Walioonekana kuwa wasomi, watumishi wa serikali au rafiki wa Wazungu waliuawa hadharani. Kanisa nalo likahesabiwa kuwa adui. Mapadre, mabruda na masista, wa kigeni kwa Wakongo, walikamatwa, wakapigwa, wakauawa. Wanawake wengi walinajisiwa, watawa na wasio watawa. Jina lenyewe la Simba ni la Kiswahili, na katika sehemu kubwa ya mashariki ndiyo lugha iliyotumika kutoa amri.

Kenya haikuwa mbali na mambo hayo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda kamati ya kutafuta amani ya Kongo, mwenyekiti wake akiwa Mzee Jomo Kenyatta, wakati huo bado Waziri Mkuu. Tarehe 23 Novemba 1964 mazungumzo kuhusu mateka wa Stanleyville yalikuwa yakifanyika hapa Nairobi. Hayakufaulu. Alfajiri ya siku iliyofuata askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka Stanleyville wakibebwa na ndege za Marekani. Mateka wengi waliokolewa, baadhi waliuawa, na hasira za Simba zikawaka dhidi ya wale waliobaki vijijini na katika misheni ambako hakuna ndege iliyofika. Tarehe 26 Novemba Askofu Joseph Wittebols wa Wamba, jimbo la akina Anuarite, akauawa. Siku hiyohiyo Wabelgiji walishuka katika mji wa Paulis, ambao leo unaitwa Isiro, wakachukua watu wao, wakaondoka. Simba wakarudi.

Tarehe 29 Novemba lori la Simba likaingia Bafwabaka. Masista wote, wazee kwa wanovisi, waliamriwa kupanda. Waliambiwa wanapelekwa Wamba kwa ajili ya usalama wao. Njiani safari ikageuzwa. Waliporwa rozari na misalaba yao. Usiku ule walilala Ibambi, na kesho yake wakafikishwa Isiro.

Hapo Isiro, tarehe 30 jioni, kanali mmoja wa Simba aitwaye Ngalo alimwona Anuarite, akaamua kwamba atakuwa mke wake. Hakukuwa na swali katika jambo hilo. Anuarite alikataa. Mkubwa wa shirika, Mama Leontine Kasima, akasimama mbele yake na kusema kwamba haiwezekani, kwa sababu msichana huyo amekwisha jitoa kwa Mungu. Kwa kumtetea, mama huyo alipigwa. Masista wengine walipelekwa kwenye nyumba moja iliyojulikana kama Nyumba ya Buluu, naye Anuarite akazuiliwa mbali nao, akibembelezwa na kutishwa kwa zamu.

Tunapenda sana sehemu inayofuata, ingawa katika mahubiri mara nyingi hurukwa. Anuarite aliogopa. Wenzake waliokuwa pamoja naye walishuhudia kwamba jioni ile alikuwa na wasiwasi mkubwa. Chakula kilipoletwa hakuweza kula. Aliwaonya wenzake wasiguse pombe waliyopewa. Alimwomba Mama Kasima amwombee. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25, yaani umri ambao kwaya yetu inatimiza leo, na alitetemeka kama binti yeyote angalivyotetemeka. Picha yake tuliyoiweka kwenye jalada inamwonyesha akitabasamu, na ni picha nzuri, lakini haikupigwa usiku ule.

Ngalo aliposhindwa, alimwomba kanali mwenzake, Pierre Olombe, amsaidie. Karibu na usiku wa manane Olombe alimchukua Anuarite pamoja na sista mwingine, Jean-Baptiste Bokuma, ambaye alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Akawalazimisha kuingia katika gari. Alipoingia ndani kuchukua funguo, masista wale wawili walitoka wakajaribu kukimbia. Aliwakamata, akaanza kuwapiga bila huruma. Sista Bokuma alivunjwa mkono mahali patatu, akaanguka, akazimia. Anuarite aliendelea kukataa. Alisema kwamba ni afadhali afe kuliko kutenda dhambi, na kati ya pigo moja na jingine alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analolitenda. Maneno hayo yalimchochea zaidi. Aliwaita Simba akawaamuru wamchome kwa visu vya bunduki. Wakamchoma mara kadhaa. Kisha Olombe mwenyewe akachukua bastola, akampiga risasi kifuani.

Hasira zilipompungua, aliwaamuru masista waje wamchukue mwenzao. Walimbeba akiwa bado anapumua kidogo. Alikata roho muda mfupi baadaye, yapata saa saba usiku, tarehe 1 Desemba 1964.

Alizikwa katika kaburi la pamoja. Mwaka uliofuata mwili wake ulifukuliwa, na moja ya vitu vilivyowasaidia kumtambua ni sanamu ndogo ya Mama Maria iliyokuwa mfukoni mwake. Siku hizi amelala katika kanisa kuu la Isiro.

Wiki sita tu kabla ya kifo chake, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alikuwa amewatangaza watakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi 22 wa Uganda. Kanisa la Afrika lilikuwa likishangilia mashahidi wake wa karne iliyopita, kumbe mwingine alikuwa Bafwabaka akisahihisha madaftari ya watoto.

Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, katika Misa iliyoadhimishwa Kinshasa. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kibantu kupewa heshima hiyo. Pierre Olombe alikuwa bado hai. Katika mahubiri yake Baba Mtakatifu alitangaza kwamba yeye mwenyewe, kwa niaba ya Kanisa lote, anamsamehe kwa moyo wote. Kesho yake aliruka kuja Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, na tarehe 18 Agosti akaadhimisha Misa ya kufunga katika bustani ya Uhuru. Wazee wetu wa sauti ya besi waliokuwepo huko wanapenda kukumbusha jinsi walivyolala nje ili wapate nafasi. Kwa hiyo habari za Anuarite zilifika kwetu zikiwa moto, siku tatu tu baada ya Kinshasa, na si ajabu kwamba vikundi na kwaya nyingi za Afrika Mashariki zilichukua jina lake tangu miaka hiyo.

Tungeweza kuishia hapo, na kijitabu kingekuwa kimefanya kazi yake. Lakini kuna jambo ambalo kwaya hii imelibeba kwa muda mrefu, na tumekubaliana liandikwe.

Kwa sababu ya jina tunalobeba, watu fulani hutujia. Hawaji wakati wa mazoezi. Hungoja Misa iishe na watu waondoke, kisha mmoja humgusa mwanakwaya begani na kuomba aombewe kwa Anuarite. Wengi wao ni wanawake, na wanaume wamo pia. Wengine yaliwapata katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Wengine yaliwapata nyumbani, kwa mkono wa mtu waliyemwita mjomba. Wachache ni ndugu zetu waliokimbia Kongo yenyewe, ambako vita havijaisha, na ambao walilijua jina hili tangu katekisimu. Wanakuja kwake kwa sababu anajua. Hawahitaji kumweleza lori ni nini, au usiku, au mtu mwenye bunduki aliyekwisha amua.

Mama mmoja wa namna hiyo aliuliza swali ambalo kwa ruhusa yake tunalirudia hapa bila kumtaja. Aliuliza kwamba kama Anuarite amekuwa mwenye heri kwa kuwa alikataa mpaka akafa, basi yeye ambaye hakufa ni nani mbele ya Mungu. Alikuwa ameimba litania yetu kwa miaka mingi akiwa na swali hilo kifuani.

Tulipeleka swali lake kwa mapadre na kwa vitabu, na tunataka kila anayesoma ukurasa huu alipate jibu tulilolipata.

Jibu ni la zamani sana. Mwaka 410 mji wa Roma ulivamiwa na Wagothi, na wanawake wengi Wakristo, hata mabikira waliojiweka wakfu, walinajisiwa. Wapagani waliwacheka. Wakristo wengine wakaanza kunong'ona kwamba ingekuwa bora wangejiua. Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, alilijibu jambo hilo katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu. Alifundisha kwamba usafi hukaa katika nia ya mtu, na kile kinachofanywa mwilini mwake kwa nguvu, bila yeye kukubali, hakiondoi usafi huo. Aibu yote ni ya mtendaji. Kwa wale wanawake wa Roma alikuwa na faraja, wala hakuwadai toba, kwa sababu hawakuwa na dhambi ya kutubu. Kanisa halijaliacha fundisho hilo. Hivyo mtu anayemhubiri Anuarite kwa namna inayowafanya walionusurika wajione wachafu, anahubiri kitu kingine ambacho si imani yetu. Tunasema hivyo kwa heshima, lakini tunasema.

Jibu la pili liko ndani ya usiku wenyewe wa Isiro. Katika gari lile walikuwemo masista wawili. Wote wawili walikataa, wote wawili walikimbia, wote wawili walipigwa na mtu yuleyule. Mmoja alikufa. Mwingine alizimia akiwa na mkono uliovunjika mahali patatu, na akaishi. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia Sista Bokuma kwamba alipungukiwa na imani kwa kuwa hakufa. Kuzimia kwake hakukuwa kukubali. Waliopitia mambo haya wanatuambia kwamba mwili hufunga wenyewe. Mikono inakataa kusogea, sauti inakataa kutoka, na baadaye mtu hujilaumu kwa miaka kwamba hakupiga kelele. Sista Bokuma naye alizimia. Alikuwa chini. Na ni kwa sababu yeye na wenzake waliishi ndiyo leo tunajua yaliyotokea, kwani shahidi mmoja alikufa na mashahidi wengine wakabaki kusema.

Tulipomaliza kumweleza mama yule habari za Sista Bokuma, ambaye hakuwa amewahi kumsikia, alikaa kimya. Kisha akauliza kama na huyo tunamwimbia. Tangu hapo katika maombi ya waamini ya sikukuu yetu kuna ombi kwa ajili ya wote walionusurika, na linasomwa na mwanamke.

Kuhusu msamaha nako tuseme kidogo, maana hapa ndipo wengi huumizwa kwa mara ya pili. Anuarite alisamehe, na ni kweli. Alisamehe mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kusukumwa na mchungaji wala shangazi. Papa naye alisamehe kwa niaba ya Kanisa. Hatuoni mahali popote katika habari hiyo ambapo mtu mwingine alimjia Sista Bokuma na kumwambia ana siku fulani za kumsamehe Olombe. Wala msamaha huo haukugeuzwa kuwa kunyamaza. Masista walisimulia kila kitu, jina la muuaji likaandikwa, na limesomwa mbele ya dunia nzima. Tunalitaja kwa sababu wapo wazazi wanaokutana na mkosaji, wanakula mbuzi, wanasema yamekwisha, na msichana hajaulizwa.

Kusamehe na kwenda polisi vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na watu waliodhulumiwa kingono katika ghasia za baada ya uchaguzi, na wanne kati yao wakapewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja kwa sababu serikali ilishindwa kuwalinda au kuchunguza. Miaka saba mahakamani! Kwa hiyo sala tunayofundisha katika ibada hii haiondoi hospitali. Anayepatwa na jambo hili leo aende kituo cha afya mara moja, kabla ya saa 72 kwisha, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Asioge wala kufua nguo kwanza. Na polisi watampa fomu ya P3. Simu ya bure ya msaada ni 1195. Akihitaji mtu wa kumsindikiza, Chama cha Wanawake Wakatoliki na sisi wanakwaya tutamsindikiza, na hatutamuuliza alikuwa amevaa nini.

Wengine wametushauri kwamba mambo haya ni mazito mno kwa kijitabu cha sherehe, kitakachosomwa na watoto wa Shirika la Utoto Mtakatifu wakingoja pilau. Tuliyapima maneno hayo. Lakini tunabeba jina la mwanamke aliyeuawa kwa jambo hilihili hasa. Kama halitajwi kwenye jubilei ya kwaya yake, basi litatajwa wapi? Na tena, baadhi ya watoto hao ndio wanaohitaji kujua kwamba watu wazima wa parokia hii wako tayari kusikia.

Sasa ya utaratibu. Sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite ni tarehe 1 Desemba. Inapoangukia Jumapili ya kwanza ya Majilio, liturujia ya Majilio ndiyo inayotawala, na tunafanya kumbukumbu yetu siku nyingine ya wiki hiyo, kama paroko atakavyoelekeza. Novena huanza tarehe 22 Novemba na kumalizika tarehe 30, kila jioni saa kumi na mbili, kanisani. Kwa wale wasiopenda kuonekana wakiingia, mlango wa upande wa sakristia huachwa wazi, na wanakwaya wawili hukaa kwenye kiti cha nyuma mpaka mtu wa mwisho aondoke. Nia za kuombewa zinaweza kuandikwa kwenye karatasi bila jina na kutiwa katika kisanduku kilicho chini ya picha yake. Karatasi hizo hazisomwi na mtu yeyote. Usiku wa tarehe 30, baada ya sala ya mwisho, huchomwa katika moto uleule mdogo wa ubani, nasi tunaimba.